Samaki wa Mlimani: Nani Atiwe Kapuni, Nani Arudishwe Majini

Mto Pangani unapomwaga maji yake baharini, umeshapita mbali na umeshabadili jina mara kadhaa. Huko juu haukuwa Pangani. Ulikuwa Kikuletwa, uliokusanya vijito vya Meru na vya Kilimanjaro upande wa magharibi na kusini. Na ulikuwa Ruvu, ambao si ule wa Bagamoyo, bali ule utokao Ziwa Jipe, ziwa linalonyweshwa na mto Lumi kutoka ubavu wa mashariki wa mlima huohuo. Mvuvi wa mlangoni mwa Pangani atupaye mshipi wake katika maji ya chumvichumvi, basi, anavua ndani ya maji ambayo baadhi yake yalikuwa mvua ya Moshi. Ndiyo maana mazungumzo haya juu ya samaki wa bara si mageni kwa msomaji wa pwani na visiwani kama yaonekanavyo.

Tena yapo masuala ambayo bahari huyaficha na ziwa dogo huyafichua. Mojawapo ni hili: mvuvi akishamtoa samaki majini, kwa kipimo gani aamue kwamba huyu ni wa kapuni na yule arudishwe? Wahenga wetu wa pwani hawakuliandika jibu, lakini walilisuka. Dema lina macho, na ukubwa wa macho yake ni hukumu iliyokwisha kutolewa kabla ya dema kuzamishwa: changu mdogo hupenya akaenda zake, mkubwa akabaki. Nyavu ya macho hufanya vivyo hivyo. Juya la kukokota, kinyume chake, halichagui. Ndiyo sababu ugomvi juu ya juya haujakoma katika vijiji vyetu kwa miongo mingi.

Huko miteremkoni Kilimanjaro historia ilianza upande mwingine kabisa. Wachagga wa zamani hawakuwa walaji wa samaki. Kama ilivyokuwa kwa Wakikuyu, Wamasai na jamii nyingine nyingi za nyanda za juu, samaki hakuhesabiwa kuwa chakula cha mtu mwenye heshima zake. Wako waliomfananisha na nyoka. Mchagga alikuwa na ndizi yake, maziwa yake, nyama ya ng'ombe aliyemnenepesha ndani, na mbege. Maji ya mlima aliyajua vizuri kuliko watu wengi wa Afrika, kwani aliyachonga mifereji, ile mifongo mashuhuri, akayaongoza toka korongoni hadi kihambani. Lakini katika maji hayo alitafuta uhai wa mgomba, hakutafuta kitoweo. Katika nchi kama hiyo, samaki wote walikuwa wamekwisha kurudishwa majini bila ya kuvuliwa.

Waliokuja kuvua kwanza kwa nia ya kuchagua hawakutaka hata kula. Walitaka kuweka ndani ya chupa.

Upande wa mashariki wa mlima, penye mpaka wa leo wa Tanzania na Kenya, liko Ziwa Chala. Ni shimo la volkeno lililojaa maji, lenye kuta zilizosimama wima, na kina chake chakaribia mita mia moja. Hakuna mto uingiao wala utokao juu ya ardhi. Maji yake huja na kwenda chini kwa chini. Hadithi ya wenyeji yasema palikuwa na kijiji mahali pale kikadidimia, na kwamba usiku husikika milio ya mifugo kutoka vilindini. Mzungu wa kwanza anayejulikana kulifikia alikuwa mmisionari Charles New, mwaka 1871. Miaka kumi na mitano hivi baadaye walipita Taveta waungwana wa Kiingereza waliokuja kuwinda, akina Willoughby na Harvey, na pamoja nao bwana H. C. V. Hunter. Hunter alikusanya samaki wa Chala, wakapelekwa London wakiwa wametiwa katika pombe kali, na mwaka 1889 mtaalamu Albert Günther wa jumba la makumbusho la huko akawatazama na kuona kwamba hawajapata jina. Akawapa: Oreochromis hunteri. Neno la pili ni la kumheshimu mwindaji. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki, nalo lamaanisha samaki wa aina ya kromi atokaye mlimani.

Mwaka huohuo wa 1889, mwezi Oktoba, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na habari hiyo ikaandikwa katika kila kitabu cha shule. Habari ya samaki haikuandikwa, ingawa nathubutu kusema ilikwenda mbali zaidi. Kwa kuwa jina lililotolewa kwa ajili ya samaki mmoja wa Chala ndilo lililokuja kuwa jina la ukoo mzima. Mwaka 1983 Bibi Ethelwynn Trewavas alipotoa kitabu chake kikubwa cha kuzipanga upya jamaa za perege, wale wote ambao mama yao hulea mayai kinywani aliwaweka chini ya jina hilo la Oreochromis. Humo yumo sato, ambaye leo anafugwa Misri, Uchina, Brazil na kwingineko kwa mamilioni ya tani. Kila sato anayekaangwa duniani, awe ametoka katika bwawa la Asia au katika kizimba cha Mwanza, anabeba jina la mlima wa Moshi, na mwenye kumla hana habari.

Nimesema mama hulea mayai kinywani. Jambo hili lataka kuelezwa vizuri, maana hoja yote inayofuata imeegemea hapo. Dume la perege huchimba kitako mchangani, akajipamba kwa rangi, akangoja. Jike huja, hutaga, na papo hapo huyaokota mayai yake kwa kinywa, kisha huondoka. Tangu hapo hali chakula sawasawa kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Mayai huanguliwa mle mle kinywani. Vitoto vinapoanza kuogelea hutoka nje kutafuta riziki, na kikipita kivuli cha hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama. Hazai mayai mengi kama samaki wa baharini wanaotaga malaki kwa malaki na kuyaachia mkondo. Huzaa machache na kuyatunza. Samaki wa namna hii hawezi kuhukumiwa kwa sheria ya samaki mwingine.

Sheria iliyokuja, hata hivyo, ilikuwa ya samaki mwingine. Walowezi wa Kiingereza walikuwa na mapenzi na trauti, samaki wa vijito vya baridi vya kwao. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Rasi hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskochi na vitoto vyake vikatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua nchini Kenya. Baada yake walikuja trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Wakaenezwa mlima baada ya mlima, na katika zama za ukoloni vijito vya Kilimanjaro na Meru navyo vikatiwa trauti, sawa na vile vya nyanda za juu za kusini ya Tanganyika. Nia haikuwa kulisha watu wa Moshi. Ilikuwa ni mchezo wa jioni wa afisa na mkulima wa kahawa, mwenye fimbo ndefu, uzi mwembamba, na inzi wa bandia aliyefungwa kwa unyoya juu ya ndoana.

Mchezo huo ulikuja na adabu zake, na lazima tuzipe haki yake. Palikuwa na leseni. Palikuwa na kipimo: aliyepungua urefu fulani arudishwe mtoni. Palikuwa na idadi ya kutwa. Mwenyeji aliyetega mgono au kuziba kijito alihesabiwa mwizi, na yule aliyekuja na fimbo alihesabiwa muungwana, ingawa samaki ni yuleyule na njaa haikuwa upande wa muungwana. Kutokana na adabu hizo, huko Marekani, ilichipuka fikra iliyokwenda mbele zaidi: kwamba samaki mzuri asiuliwe kabisa, avuliwe, atazamwe, aachiliwe, ili na mwingine apate furaha ileile. Lee Wulff aliipigia debe katika kitabu chake cha mwaka 1939, na katika nusu ya pili ya karne ile ikaenea hadi ikawa karibu ni dini ya wavuvi wa fimbo.

Mtu wa pwani akiisikia habari hii hucheka kwanza. Kumtoboa kiumbe mdomo kwa ajili ya mchezo, kisha kumwambia nenda salama! Wala si sisi peke yetu tunaoona kasoro. Ujerumani na Uswisi, nchi zenye sheria kali za kulinda wanyama, zinamtazama kwa jicho baya mvuvi anayekwenda mtoni kwa nia ya kuachia tu, na kumtaka awe na nia ya kula. Mimi naona kicheko chetu kina haki nusu. Nusu ya pili ni kwamba trauti wa kuachiliwa kweli huishi, endapo ndoana haina kichomo, mkono umeloweshwa maji, na samaki hakukaa nje ya maji muda mrefu. Kwa trauti, ambaye hutaga mayai katika changarawe na kwenda zake, kumrudisha ni kumrudisha.

Kwa perege si hivyo. Jike mwenye mayai kinywani akinaswa, akipaparika, hutema. Mayai yakamwagika, au vitoto vikatawanyika visijue pa kukimbilia. Mvuvi mwema akamwachilia mama kwa mikono miwili, naye akaenda zake mtupu. Kisheria amerudishwa, kizazi hakikurudi. Kwa hiyo kanuni yote ya kuachia iliyotoka katika vijito vya trauti, ikiletwa kama ilivyo katika mabwawa ya perege, hupwaya. Anayetaka kumlinda perege hana budi kulinda mahali anapochimba kitako chake na majira anayolea, asije akasubiri mpaka samaki awe mkononi.

Mwaka huohuo wa 1905, Grogan alipokuwa akitia trauti mtoni Gura, nyavu za macho za Kizungu zilitiwa kwa mara ya kwanza katika Ghuba ya Kavirondo, Ziwa Viktoria. Ngege wa ziwa lile, ambaye naye ni Oreochromis, alivuliwa kwa wingi usiopata kuonekana. Serikali za kikoloni zikamwita Michael Graham, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928 na kutoa taarifa yake mwaka 1929. Alipendekeza jicho la nyavu lisipungue inchi tano. Kanuni ikapita, wavuvi wakainung'unikia, na katikati ya miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda zikaiacha. Ngege walipungua, macho ya nyavu yakazidi kubana, ngege wakapungua tena. Sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ileile, akaja kumalizia. Inchi tano za Graham zilikuwa ni dema la ziwa zima, na macho ya dema yalipozibwa, hakuna aliyeweza kuyafumbua tena kwa urahisi.

Naileta habari ya Nyanza kwa sababu Kilimanjaro iliirithi kwa njia mbili. Ya kwanza ni samaki wenyewe. Katika miaka ya baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali iliona ufugaji wa perege kuwa tiba ya upungufu wa kitoweo. Mabwawa ya majaribio yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, na samaki wakahamishwa kutoka bonde hadi bonde kama miche ya kahawa. Ngege wa Nyanza akafikishwa katika bonde la Pangani. Wakati huohuo mtafiti Rosemary Lowe, aliyekuwa katika kituo cha uvuvi cha Jinja, alikuwa akitazama samaki waliokuwamo humo tangu azali. Mwaka 1955 alitangaza kwa dunia perege ambao hawakuwa na jina: jipe, girigan, pangani na korogwe. Baadaye wataalamu wamewaunganisha baadhi yao, wakibishana kama ni wawili au ni mmoja. Lakini hebu tutazame: ni katika miaka ileile wenyeji wa bonde walipopewa majina na wageni wakamiminwa juu yao.

Njia ya pili ni bwawa. Katika miaka ya 1960, Tanzania iliyokuwa changa ilizuia maji pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, kusini ya mji wa Moshi, ikapata Nyumba ya Mungu: umeme wa megawati nane, na ziwa jipya mahali palipokuwa na vichaka. Ziwa jipya lina tabia ya kutoa kwa fujo miaka ya mwanzo, kwa kuwa ardhi iliyofunikwa ina rutuba na samaki hupata malisho yasiyo na mwenyewe. Wavuvi wakamiminika kutoka pande nyingi za nchi, vijiji vikaota mwambao kama uyoga. Kufikia mwaka 1970 mavuno yalipita tani 20,000 kwa mwaka. Baada ya miaka michache tu yakaporomoka hadi kuwa sehemu ndogo ya kiasi kile, na hayajapata kurudi. Samaki wenyewe wakawa wadogo, na jicho la nyavu likawafuata kwa udogo wao. Mchagga, ambaye babu yake hakugusa samaki, sasa alikuwa akinunua perege wa kukaangwa sokoni Moshi, na akiuliza kwa nini siku hizi ni wadogo kama kiganja.

Sheria hazikukosekana. Ipo ya mwaka 1970, ipo ya mwaka 2003, zipo kanuni za mwaka 2009. Bwawa limewahi kufungwa kwa muda, ili samaki wapumue. Kufunga huko, ingawa kulimuumiza mvuvi asiye na shamba, ndiko kunakolingana na tabia ya perege, kwani kunamwacha jike amalize kulea. Wavuvi wetu wa Unguja na Pemba wamelijua jambo hili kwa pweza: miamba hufungwa miezi mitatu hivi, na siku ya kufungua watu hupata pweza wazito. Misali, kisiwa kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, kilipata utii wa wavuvi zaidi pale mafunzo ya dini juu ya amana ya viumbe yaliposomwa pamoja na kanuni za serikali. Nyumba ya Mungu, iliyojaa wahamiaji wa makabila mengi na mila nyingi, haikuwa na mimbari moja ya kuzungumzia.

Na kuna fikra nyingine inayofaa kupimwa, ile ya kuwarudisha wakubwa pamoja na wadogo. Kwa sangara wa Nyanza iliwahi kuwekwa mipaka miwili: asiyefika sentimita 50 aachwe, na anayepita 85 aachwe pia, kwa kuwa jike mkubwa ndiye hazina ya mayai. Wavuvi wengi waliiona kanuni hii kuwa ya kichaa. Ni nani amrudishe samaki mwenye thamani kuliko wote? Tanzania ikaja kuulegeza mpaka wa juu. Lakini mvuvi wa chewa wa miambani kwetu angeielewa, lau angeelezwa kwamba chewa huanza maisha yake akiwa jike na ukubwani ndipo hugeuka dume. Ukiwaondoa chewa wakubwa wote, umebakiza ukumbi wa bibi harusi watupu.

Katika bonde la Pangani, hata hivyo, kipimo cha urefu, kiwe cha chini au cha juu, hakigusi swali lililo zito kuliko yote leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha jinsi perege wa kigeni walivyoenea katika mabonde mengi ya Tanzania, wakiwamo sato na jamaa zao kutoka Nyanza, kwa sababu ya miongo ya kuhamishwa kwa makusudi. Wageni hawa hushindana na wenyeji kwa malisho, na kibaya zaidi huoana nao, wakazaa machotara, mpaka aina ya asili ikayeyuka bila ya maiti kuonekana. Perege wa Jipe na perege wa Chala wote wamo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kabisa ya kutoweka. Ukipita kwa rula katika kapu la mvuvi wa huko, utamrudisha majini mgeni mdogo, ili akue na kuzaa, na utampeleka sokoni mwenyeji mkubwa aliyebaki. Utakuwa umetii sheria.

Na kinyume chake kipo. Ngege, aliyeletwa hapa kama mgeni, kwao Nyanza amekaribia kwisha katika ziwa kubwa, na Nyumba ya Mungu ni miongoni mwa mahali alikosalimika. Huyu naye aondolewe kwa kuwa si wa hapa? Au alindwe kwa kuwa kwao hana kwao tena? Sioni rula ya kupimia hilo. Naona tu kwamba mvuvi hawezi kuamua peke yake, usiku, ndani ya mtumbwi, kwa mwanga wa karabai, wakati hata wataalamu hutazama damu ya samaki maabara ndipo wakatofautisha chotara na mzaliwa.

Vijito vya trauti vyenyewe havina mzozo huu tena, angalau huko juu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu unaouzunguka mlima ukaingizwa ndani yake. Aendaye huko siku hizi huenda kutazama theluji inayopungua, wala hachukui fimbo.

Chala ndiko kuliko na shughuli. Watafiti walioingia humo katika miaka ya 2010 walikuta kwamba samaki wa Günther hayuko peke yake. Yupo mwingine afananaye na korogwe wa Bibi Lowe, na yupo wa tatu, mla majani, wa jamaa nyingine kabisa. Wavuvi hushuka kwa miguu kwenye ukingo ule wa wima, wakavua, wakapanda na mzigo wao. Humo kapuni wamo wa aina zote tatu, wakiwa wamelaliana.